Kamati hufa kwa maneno kabla ya kufa kwa fedha

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa mwanadamu na Mwenye kumfundisha kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Swahaba zake wote.

Ndugu msomaji, huku kwetu Ruaruke, na katika vijiji vya Kibiti mpaka vile vya ndani ya delta, karibu kila jambo la umma huendeshwa na kamati. Ipo kamati ya msikiti, ya madrasa, ya kisima, ya maziko, ya Maulidi, na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Serikali nayo ina kamati zake za shule, zahanati na mazingira. Mtu mmoja huenda akawa mjumbe katika tatu au nne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, kama kuna ujuzi ambao Waislamu wa hapa wanauhitaji kila siku baada ya ujuzi wa ibada zao, basi ni ujuzi wa kufanya kazi pamoja na kusemezana wakati wa kuifanya.

Lakini ni ujuzi usiofundishwa. Tunapouona msikiti umesimama kwenye linta mwaka wa tano, au madrasa imefungwa, tunasema: fedha hazikupatikana. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukiuliza kwa utulivu, mara nyingi utaambiwa kwamba fedha za mwanzo zilipatikana, ila watu waliacha kuelewana, na walipoacha kuelewana waliacha kuchanga. Maneno yalikwisha kwanza, fedha zikafuata.

MWALIMU ALIYEONDOKA

Tuchukue mfano wa madrasa moja isiyo na jina. Mwalimu anafundisha watoto sitini, na kamati imemwahidi posho ya kila mwezi. Mwezi wa tatu posho haikutoka. Mhazini anajua kwamba sanduku ni tupu kwa sababu korosho hazijauzwa, lakini hasemi, anachelea kuonekana mzembe. Mwenyekiti anadhani mambo ni shwari, kwa sababu kila anapomuuliza mwalimu hali, hujibiwa, "Alhamdulillah." Katibu ameandika katika muhtasari kwamba posho "itashughulikiwa", wala hakuandika na nani.

Mwalimu naye hakunyamaza. Amesema, ila amesema kwa njia yake. Jioni moja barazani alisimulia habari za ustadhi wa kijiji cha mbali ambaye wazazi walimlimia shamba la mpunga ili asihangaike. Wote wakaisikiliza, wakaisifu, wakaondoka. Hakuna aliyefahamu kwamba ile ilikuwa barua ya madai. Mwezi wa tano mwalimu akaaga kwamba anakwenda kumuuguza mama yake, na hakurudi. Watoto sitini wakabaki na juzuu zao za Amma nusu.

Tazama vizuri jambo hili. Katika mfano huu hakuna mwizi wala mwongo, na hakuna anayeichukia madrasa. Kila mmoja alisema, au alinyamaza, kwa namna aliyolelewa nayo na akaiona kuwa ndiyo adabu. Kosa ni kwamba kila mmoja alidhani mwenzake anasikia kwa masikio kama yake.

NJIA ZETU ZA KUSEMA

Watu wanaofundisha makampuni na mashirika wana elimu nzima juu ya jambo hili. Wengi wao hugawa watu katika mafungu manne. Asili ya mgawanyo mmoja unaotumika sana ni kitabu cha mwanasaikolojia wa Marekani, William Marston, cha mwaka 1928. Yeye mwenyewe hakutunga mtihani wa kuwapima watu kwa mafungu hayo. Ni waliokuja baadaye waliotengeneza maswali ya kujaza, na leo watumishi wa ofisi huitwa semina, wakajaza karatasi, wakatoka kila mmoja na fungu lake.

Si lazima tuagize mafungu kutoka mbali. Anayekaa barazani kwetu kwa mwaka mmoja atatambua namna zetu za kusema bila ya karatasi.

Kwanza, yupo msema kwa fumbo. Huyu hakwambii kwamba umekosea. Atakupa methali, au atamsema mbuzi wa jirani ili wewe uelewe. Pwani yetu imelilea fumbo mpaka likaandikwa kwenye kanga. Uzuri wake ni kwamba linasitiri na halimwaibishi mtu mbele ya watu. Ubaya wake ni kwamba linamtegemea msikilizaji, na msikilizaji mwenye shughuli nyingi, au kijana aliyelelewa mjini, halipati.

Pili, yupo msema wazi. Hulitaja jambo kwa jina lake na hulitaja mara moja. Kazi hupenda watu wa namna hii, kwa kuwa hawapotezi muda. Lakini akisema mbele ya mzee kwa sauti kavu, ukweli wake hupotea ndani ya hasira za waliosikia. Watajadili alivyosema, na alilolisema litasahauliwa.

Tatu, yupo mnyamavu. Kwake kimya ni heshima, au ni tahadhari, au ni kusubiri aulizwe. Kikao kikiisha atamwendea mmoja na kumwambia jambo la maana kuliko yote yaliyozungumzwa. Katika muhtasari wa kikao jina lake lipo kwenye mahudhurio tu.

Nne, yupo mkubali wote. Huyu hawezi kumvunja mtu moyo, na kila ombi kwake ni "sawa". Ndiye anayependwa na kila mtu mpaka siku ya kazi.

"SAWA" NA "INSHA ALLAH"

Hebu tulitulie neno hilo "sawa", maana limezitia hasara kamati zetu. Katika mazungumzo yetu "sawa" lina maana tatu: nimesikia, nimekubali, na niache nipumzike. Mwenyekiti anayesema, "Fundi atakuja Jumamosi, wewe utakuwepo kumwonyesha mahali pa kuchimba?" akajibiwa, "Sawa," hajapata jibu bado. Atalipata Jumamosi.

Zito zaidi ni "Insha Allah". Katika Sura Al-Kahf, aya ya 23 na 24, Allah (SW) anamwelekeza Mtume Wake asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Allah. Neno hilo, kwa hiyo, ni nyongeza ya unyenyekevu juu ya azma ambayo mtu tayari anayo: nimeazimia, nami najua uwezo si wangu. Sisi tumeligeuza kuwa njia ya adabu ya kusema hapana. Mtu anaalikwa kwenye kazi ya kusomba mchanga, hana nia hata chembe ya kwenda, anasema, "Insha Allah." Jina la Mola linatumika kuwa pazia la kukataa. Je, hatuoni uzito wa jambo hili? Muislamu asiyeweza kufika aseme, "Samahani ndugu yangu, siku hiyo sitaweza," na hilo ni bora kwa dini yake na kwa kazi ya wenzake, kuliko ahadi iliyotiwa jina la Allah bila ya azma.

TABIA SI GEREZA

Hapa inabidi tuwe waangalifu. Kumjua mwenzako kwamba ni msema kwa fumbo kunakusaidia kumsikiliza. Kumfunga humo na kusema, "Yule ndivyo alivyo," ni kumdhulumu. Sira inatupa ushahidi ulio bora kuliko karatasi za semina.

Baada ya vita vya Badr, Mtume (SAW) alitaka shauri juu ya mateka. Abu Bakr (RA) alishauri wakombolewe kwa fidia; Umar (RA) alishauri wauawe. Kila mwanafunzi wa madrasa amezoea picha hii: Abu Bakr mpole, Umar mkali. Lakini Mtume (SAW) alipofariki, na baadhi ya makabila ya Waarabu yakakataa kutoa zaka, mambo yaligeuka. Umar ndiye aliyeuliza vipi watapigwa vita watu waliotamka shahada, na Abu Bakr ndiye aliyeapa kwamba atampiga vita anayetenganisha baina ya Swala na Zaka. Mpole akawa mkali, mkali akawa mwenye kusita. Kisha Umar akakiri kwamba Allah amekifungua kifua cha Abu Bakr kwa haki.

Wale wawili walifahamiana kiasi kwamba kila mmoja aliweza kushika upande ambao mwenzake ameuacha, kwa maslahi ya Umma. Hiyo ndiyo kamati.

Nabii Musa (AS) naye aliijua hali ya ulimi wake. Alipotumwa kwa Firauni alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na akaomba apewe ndugu yake Harun awe msaidizi. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 34, anaeleza kwamba Harun ni fasaha kuliko yeye. Mtume mkubwa kama huyu hakuona haya kusema kwamba mwenzake anajua kusema kuliko yeye. Ni wenyeviti wangapi wa leo wanaweza kusema mbele ya wajumbe, "Jambo hili alieleze fulani, yeye ana maneno mazuri kuliko mimi"?

VIKAO VITATU VYA SIRA

Kikao cha kwanza ni cha Badr. Wanasira wanasimulia kwamba Mtume (SAW) alipopiga kambi, Swahaba aitwaye Al-Hubab bin Al-Mundhir (RA) alimwendea na kuuliza: je, mahali hapa ni pale alipoelekezwa na Allah, kiasi kwamba hatuna ruhusa ya kusogea mbele wala nyuma, au ni rai na mbinu ya vita? Alipojibiwa kwamba ni rai, alishauri wasogee kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui. Shauri likapokewa. Zingatia adabu ya swali lile. Hakuanza kwa kukosoa. Alianza kwa kutenganisha: lipi ni wahyi, ambalo halina mjadala, na lipi ni rai, ambalo lina nafasi ya kushauriana. Katika misikiti yetu ugomvi mwingi hutokana na kukosa swali hilo. Rangi ya ukuta hujadiliwa kana kwamba ni suala la itikadi.

Kikao cha pili ni cha Uhud. Rai ya Mtume (SAW) ilikuwa kubaki Madina. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka. Akawafuata. Matokeo ya siku ile tunayajua: wapiga mishale walioachwa mlimani, hamsini kwa idadi, wengi wao wakaacha mahali pao, na Waislamu wakapata msiba mkubwa. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo amri itakuja: wasishauriwe tena. Kinyume chake, katika Sura Al-Imran, aya ya 159, iliyoteremka katika muktadha wa vita hivyo, Allah (SW) anamwambia Mtume Wake kwamba ni kwa rehema ya Allah amekuwa laini kwao, na lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangemkimbia. Basi awasamehe, awaombee maghfira na ashauriane nao. Amri ya kushauriana imesisitizwa baada ya shauri kuleta uchungu. Haya ni mafunzo makubwa kwa mwenyekiti ambaye wajumbe wake walikosea mwaka jana, naye tangu hapo anaamua peke yake.

Kikao cha tatu ni cha Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra. Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume (SAW) aliwaambia Swahaba wachinje na wanyoe. Hakuna aliyesimama, naye alirudia mara tatu. Aliingia kwa mkewe Ummu Salama (RA) akamweleza. Bibi huyu hakuwalaumu Swahaba wala hakusema kwamba wameasi. Alifahamu kwamba kimya kile kilikuwa cha huzuni, na kwamba watu wenye huzuni hawahitaji kuambiwa mara ya nne. Alishauri Mtume (SAW) atoke, asiseme na yeyote, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Alipofanya hivyo, wote wakasimama, wakachinja na kunyoana. Imo katika Sahihi ya Bukhari. Ndugu msomaji, hapa upo ujuzi wote wa jambo tunalolizungumza: kujua kimya kina maana gani, na kujua wakati ambao kitendo kinasema kuliko maneno. Na aliyeujua alikuwa mwanamke. Kamati inayowaweka wanawake kwenye kupika siku ya Maulidi tu, imejinyima Ummu Salama wake.

KUTOKA IFAKARA

Mtu asidhani kwamba haya ni mawaidha tu yasiyo na uzito katika kazi za dunia. Tuupande mto wetu. Maji ya Rufiji yanayotufikia huku delta, sehemu yake kubwa hutoka bonde la Kilombero, na katika bonde hilo upo mji wa Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya mji huo ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoshiriki katika jaribio la Shirika la Afya Duniani baina ya mwaka 2007 na 2008. Nyingine zilikuwa katika miji ya Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London na Seattle.

Walichojaribu ni karatasi moja yenye mambo 19 ya kuthibitishwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kupasuliwa, na kabla hajatolewa chumbani. Mengine ni ya kitabibu, lakini moja linatuhusu hasa: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo hujitaja jina lake na kazi yake. Kisha daktari, mtoa usingizi na muuguzi wanathibitisha pamoja mgonjwa ni nani na anapasuliwa nini. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa mwaka 2009. Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kwa nini kujitaja jina kuwe na faida? Kwa sababu muuguzi mdogo aliyekwisha kusikika mara moja humwia wepesi kusikika mara ya pili. Akiona jambo linakwenda kombo, ulimi wake umekwisha kufunguliwa.

Lakini habari haikuishia hapo. Katika jimbo la Ontario, Canada, hospitali ziliagizwa kuitumia karatasi hiyo, na uchunguzi wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona kupungua kwa maana kwa vifo. Wengi waliolitazama jambo hilo walisema kwamba kuweka alama kwenye karatasi ni jambo moja, na kusemezana kweli ni jambo jingine. Karatasi iliyojazwa kwa kutii amri haifungui ulimi wa mtu.

Na mahali ambapo ulimi haukufunguka, watu hufa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye ukungu, moja ikiwa inaanza kuruka, wakafa watu 583. Katika ndege iliyokuwa ikiruka, fundi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alijibu kwa mkazo kwamba imeondoka, na hakuna aliyerudia swali. Baada ya misiba ya aina hii mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wadogo kusema, na marubani wakubwa kusikiliza.

Wavuvi na mabaharia wetu wa delta hawahitaji kufafanuliwa. Wanajua kwamba aliyekaa omo ndiye anayeliona fungu la mchanga, na kwamba nahodha aliyeko tezi halioni. Methali yatuambia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini chombo chenye nahodha mmoja na mabaharia mabubu nacho hakifiki bandarini.

MAMBO SITA YA KUANZA NAYO

Kutokana na hayo, nashauri kamati zetu zianze na mambo haya, ambayo hayahitaji mfadhili wala semina.

Kwanza, kikao kifunguliwe kwa kila mjumbe kusema jambo moja fupi. Aseme amefikia wapi katika kazi aliyopewa, au kama ana neno. Asiyesema mwanzoni ni vigumu kusema mwishoni.

Pili, wadogo waanze na mkubwa amalizie. Mwenyekiti au mzee akitoa rai yake kwanza, heshima yetu itawafunga wengine midomo. Huku si kumvunjia mzee heshima. Ni kumpa neno la mwisho akiwa amekwisha kusikia yote.

Tatu, aliyepewa kazi airudie kwa ulimi wake. Badala ya "sawa", aseme: "Nitakwenda Kibiti Jumatatu, nitanunua bati ishirini, nitaleta risiti kwa mhazini." Kama hakuelewa, itajulikana papo hapo. Na kama hawezi, atapata nafasi ya kusema bila ya aibu.

Nne, muhtasari uandikwe kwa mambo matatu: nini, nani, lini. Ukisomwa mbele ya wote kabla ya dua ya kufunga, hakuna atakayesema hakusikia. Neno "itashughulikiwa" lisiandikwe kamwe, kwa kuwa halina mwenyewe.

Tano, uamuzi wa kikao usivunjwe nje ya kikao. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) amekataza watu wawili kunong'ona wakimwacha wa tatu, kwa sababu jambo hilo linamhuzunisha. Leo minong'ono hiyo imehamia kwenye simu. Kamati ina kundi lake la WhatsApp, na pembeni wajumbe wanne wana kundi lao jingine. Wakija kikaoni wamekwisha kuamua, na waliobaki wanahuzunika bila ya kujua kwa nini. Mwenye rai ailete mezani. Na jambo zito lisijadiliwe kwa ujumbe wa sauti usiku. Lisubiri watu watazamane usoni.

Sita, kiongozi ajifunze kwa Nabii Sulaiman (AS) na ndege Hudhud. Katika Sura An-Naml, Hudhud alichelewa, na Sulaiman alikwisha kutishia kumwadhibu asipoleta hoja bayana. Ndege yule mdogo akaja akamwambia mfalme kwamba amejua jambo ambalo mfalme halijui. Sulaiman hakumfukuza kwa ujasiri huo, wala hakumsadiki papo hapo. Alisema atatazama kama ni mkweli, akampa barua aipeleke. Kumsikiliza mdogo si kumkubalia kila kitu, bali ni kulipa neno lake haki ya kuchunguzwa.

NYUMBANI NAKO

Na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na familia, tusisahau kwamba kamati ya kwanza ya kila Muislamu ni nyumba yake. Mume aliyezoea kusema wazi ameoa mke aliyelelewa kwa mafumbo. Mke anasema, "Mtungi umekuwa mwepesi siku hizi." Mume anajibu, "Alhamdulillah, haukuchoshi." Mwezi mzima wataishi katika manung'uniko. Lau mume angeuliza, "Mama Fulani, unanieleza jambo gani?" na lau mke angeongeza neno moja wazi, "Naomba unisaidie maji," yangekwisha. Mume ajifunze kusikia lugha ya mkewe, na mke ajifunze kidogo lugha ya mumewe. Watoto nao wanajifunza hapo. Atakayekuwa katibu au mwenyekiti miaka ishirini ijayo, leo yuko jikoni anasikiliza wazazi wake wanavyosemezana.

Katika Sura Twaha, aya ya 44, Musa na Harun waliamrishwa wamwendee Firauni wakamwambie maneno laini, huenda akakumbuka au akaogopa. Ikiwa Firauni, aliyedai uungu, alistahiki kuambiwa kwa ulaini, vipi mhazini wa msikiti wetu? Lakini ulaini ule haukuwa kimya, wala haukuwa fumbo. Walimwendea, wakamwambia waliyotumwa, na akawaelewa.

Ijumaa hii, baada ya Swala, kamati nyingi zitakaa. Basi mjumbe ambaye hajawahi kusema aulizwe kwa jina lake, kisha apewe muda wa kujibu. Huenda analo jambo analolijua yeye peke yake kuhusu mwalimu wetu, na bado hajaondoka.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.